Pikapu ya Gitaa la Kigogota

Gitaa lilikuwa limelazwa chali juu ya meza ya fundi, nyuzi zimelegezwa, tundu lake la mviringo likiangalia dari. Mwenye gitaa alisimama pembeni, mikono nyuma, akikohoa kila mara bila kuwa na kikohozi. Mtaani kwao walimwita Kigogota, kwa jina la yule ndege anayegonga miti kutwa nzima, na sababu ya jina hilo ndiyo iliyokuwa inamtia haya pale dukani.

Sababu yenyewe ni kidole gumba. Kigogota alipopiga gitaa, kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinatoroka nyuzi na kugonga ubao chini ya tundu: ngo, ngo. Hakukituma. Kilianza utotoni na hakikuacha, mpaka pale mahali rangi ikaisha, ubao ukabaki mweupe na kubonyea kidogo. Marehemu baba yake, ambaye gitaa lilikuwa lake kwanza, alikuwa akimwambia, "Piga nyuzi, mwanangu. Ubao haujakukosea kitu." Baba alishazikwa, mwana alishaota mvi kwenye ndevu, na kidole bado kilikuwa na kichwa kigumu vilevile.

Siku zote hizo gitaa lilipigwa hivihivi, bila waya wala mashine. Kila Jumamosi alasiri Kigogota na dada yake mkubwa walikwenda kwenye mgahawa mmoja wenye bustani, wakakaa barazani karibu na mlango wa jikoni, yeye akapiga, dada akaimba. Dada alisimama ubavuni mwake, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti alichokalia mdogo wake. Wateja walikuwa wakisema ni ndugu wanaopendana sana, hawa. Walipendana, ni kweli, ingawa walivyokuwa wakigombana njiani wakati wa kwenda, mtu angedhani wanapelekana mahakamani.

Kisha mgahawa ukapata mwenye mali mpya. Bustani ikapanuliwa, sakafu ikamwagwa saruji, likajengwa jukwaa la mbao, zikaletwa spika mbili ndefu kama milango. Akaajiriwa pia meneja, bwana mmoja aliyenyoosha mashati mpaka yanakata, ambaye alikuwa na sauti ya upole hata anapokuchoma kisu. Aliwaita pembeni akawaambia, "Wazee wangu, gitaa halifiki meza za nyuma. Jumamosi ijayo nataka lisikike safi, bila kelele. Mkishindwa, kuna jamaa wa kinanda anakuja na vyombo vyake vyote."

Kigogota mwenyewe asingekufa kwa hilo. Alikuwa na kazi yake ya kuvalisha makochi, na makochi hayaishi kuchanika maadamu watu wana watoto. Aliyemtia wasiwasi ni dada. Dada alikuwa ameendesha mashine ya kusaga nafaka tangu ujana wake, akiwa mweupe wa unga kuanzia nyusi mpaka viatu, halafu ghafla, mwaka uliopita, akaacha. Alisema amechoka. Tangu hapo alibaki na Jumamosi tu. Siku mbili kabla alikuwa ameshapiga pasi gauni. Jumapili asubuhi alikuwa bado anasimulia nani alipiga makofi na nani alikuwa anatafuna tu. Kumnyang'anya Jumamosi ilikuwa ni sawa na kumwambia akae chini azeeke. Kigogota alijua hivyo, na ndiyo maana alikuwa amesimama pale kwa fundi anakohoa uongo.

Fundi aliitwa Waya, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila waya shingoni. Alikuwa mtu mwenye subira na magitaa kuliko na binadamu.

"Kaka, elewa kitu kimoja," Waya alisema. "Pikapu ni sikio. Tunalipachika sikio kwenye tundu, linabeba linachokisikia mpaka kwenye spika. Sasa swali langu ni moja tu. Unataka lisikie nini?"

"Lisikie gitaa."

"Gitaa ni neno kubwa, kaka. Kuna nyuzi, kuna ubao, kuna hewa humu ndani, kuna kucha zako, kuna na pumzi yako. Lisikie nini?"

Kigogota hakuwa amejiandaa kwa mtihani. Alimwambia amwonyeshe kwanza zilizopo.

Waya akatandika kitambaa, akaziweka pikapu tatu juu yake. Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, nyepesi, na Waya hakutaka hata kuieleza; alipoichomeka, spika ya dukani ikaanza kunguruma kama friji bovu, wakaitoa wote wawili bila kuulizana. Ya pili ilikuwa nyembamba, nyeusi, ina sumaku ndani na vibano viwili vya kushika kingo za tundu, vimewekewa ngozi laini visichubue ubao. "Hii inasikia nyuzi za chuma, basi," Waya alisema. "Ukipiga chafya haina habari. Ukikaa nayo karibu na spika haipigi yowe." Ya tatu ilifanana na ya pili, ila ilikuwa na kijikipande kidogo kama punje ya mtama, kinaning'inia ndani ya gitaa. "Hiki ni kimaiki. Hii inasikia nyuzi na kila kinachogusa mwili wa gitaa. Tamu sana, lakini ina udhia. Sauti ya spika ikirudi ikaingia tundu, inatoka tena, inaingia tena, mwisho inalia yowe la kutoboa masikio. Unatakiwa ujue pa kukaa."

Walianza na ile ya tatu. Waya akaibana, akakaza nyuzi, akapitisha waya. Kigogota akakaa, akapiga. Duka lote likajaa gitaa la baba yake, likiwa kubwa kuliko alivyowahi kulisikia. Halafu kidole kikatoroka. NGO, NGO, ikasema spika, na mteja aliyekuwa anachagua betri mlangoni akageuka kuangalia nani anabisha.

Kigogota aliacha kupiga. Aliona meza za mgahawa, aliona meneja na shati lake, akasikia sauti ya marehemu. "Toa," alisema. "Toa hiyo. Tia ile nyingine."

Ile ya pili ilikuwa na adabu. Nyuzi zilitoka kwenye spika zimenyooka, kila moja na sauti yake, na kidole kilipogonga hakikusikika ila kwa mbali mno. Kwa mara ya kwanza maishani Kigogota alijisikia anapiga gitaa kama watu waliofundishwa. Akarudia kipande kilekile, akatabasamu peke yake.

"Nipe hii. Hii hainisemi kwa watu."

Waya alijikuna shingo chini ya waya. "Ni nzuri, sikatai. Lakini si unapiga na mtu? Anayeimba muulize kwanza. Mwimbaji ana kitu chake amekizoea, ukimwondolea hujui."

"Dada yangu? Dada ndiye aliyenipa hilo jina la Kigogota. Atafurahi kuliko mimi."

Akalipa, akaondoka na pikapu imebanwa ndani ya tundu.

Nyumbani alimkuta mkewe amenuna. Alipoulizwa kuna nini alisema hakuna kitu, na Kigogota, ambaye ndoa ilishamfundisha, akavuta kiti akangoja.

"Wifi amenipita sokoni," mkewe alisema hatimaye. "Nimemwita. Nimemwita tena. Ananipa mgongo, anaenda zake. Nimemkosea nini mimi? Kama kuna maneno si aseme?"

"Labda hakusikia."

"Sokoni pale watu wote walisikia. Hata muuza vitunguu alisema, mama, huyo hakutaki. Na si mara ya kwanza. Siku hizi wifi ana dharau, wewe unamtetea tu kwa kuwa ni dada yako."

Kigogota hakumtetea tena. Alijua dada yake ana mdomo, lakini dharau hakuwahi kuwa nayo. Akaona ni mambo ya mawifi, akayaacha hapo yalipo, akaenda kuangalia pikapu yake. Makosa yote ya hadithi hii ni ya aina hiyo: mtu anaambiwa kitu mchana kweupe, anakiweka kando kwa sababu ana kitu kinachong'aa cha kuangalia.

Ijumaa dada alikuja mwenyewe kuona. Alikaa kwenye kochi lililokuwa linangoja kuvalishwa, springi zinachungulia, akalipakata gitaa na kulipapasa tundu kwa vidole kama anayeangalia jino la mtoto.

"Hili dude halizibi sauti?"

"Halizibi."

"Na ubao?" dada aliuliza, macho yake yakiwa kwenye mdomo wa mdogo wake. "Ubao nao utasikika huko kwenye spika?"

Kigogota akacheka. Alidhani anataniwa. "Mwaka huu utatafuta jina jingine la kuniita, Dada. Nimechagua ile isiyosikia ubao kabisa. Hutanisikia nikigogota tena."

Dada alirudisha gitaa taratibu, akafuta mapaja yake kana kwamba bado yana unga. "Vizuri," alisema. "Baba angefurahi." Alipokuwa anatoka mke wa Kigogota alimpa kwaheri kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu anayejikaza, na dada akaenda zake bila kuitikia. Mke akamtazama mumewe. Mume akaangalia springi.

Jumamosi jua lilikuwa kali na meza zilikuwa zimejaa. Meneja alikuwa ameshapanga jukwaa kwa mtindo wake: maiki ya dada mbele kabisa, na kiti cha Kigogota nyuma, kwenye kona, mbali na spika. Dada alitaka kiti kisogezwe karibu. Meneja akatabasamu, akasema wageni wanataka kumwona mwimbaji peke yake, si mtu na kiti. Dada akasimama mbele, mikono haijui pa kushika, mgongo wake kwa mdogo wake.

Kigogota alianza wimbo wao wa kufungulia, ule aliowafundisha baba. Nyuzi zikaenda mpaka meza za mwisho, na kule nyuma mzee mmoja akainua kichwa kutoka kwenye gazeti. Kigogota aliona hilo, moyo ukampanda. Utangulizi ukaisha, ukafika mahali dada anapoingia. Dada hakuingia.

Alidhani amemeza mate vibaya. Akazunguka tena na utangulizi, akamletea mlango uleule. Dada aligeuza shingo kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili, akafungua mdomo, akaingia katikati ya mstari. Gitaa lilikuwa huku, wimbo ulikuwa kule. Kigogota akamkimbilia, akaruka vipande ili amfikie, na kila alipomfikia yeye alikuwa ameshatoka. Kwenye ubeti wa pili dada alichelewa tena. Meza ya mbele wakaangaliana. Mwanamke mmoja alicheka ndani ya leso, na si kwamba alikuwa mbaya. Ilikuwa inachekesha kweli, ukiwa humjui anayeimba.

Wimbo wa pili ulikuwa vilevile, wa tatu ukazidi. Dada aliimba akiangalia sakafu, jasho linamtiririka shingoni, sauti yake nzuri inatembea peke yake kama kipofu aliyeachwa njia panda. Meneja akanyanyua mkono kutoka mbali kuonyesha kwamba mapumziko yameanza.

Akamfuata Kigogota nyuma ya jukwaa. "Gitaa sasa ndiyo gitaa," alisema kwa ule upole wake. "Nakupongeza. Ila mama amechoka, au vipi? Wiki ijayo njoo peke yako. Au nikutafutie mwimbaji."

Kigogota akamwacha hapohapo. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyehangaika kwa ajili ya mwingine akaona mwingine hashiki upande wake. Alimkuta dada kwenye kichumba wanachowekea viti vibovu, amempa mgongo, anakunja mtandio wake.

"Umefanya nini pale?" aliuliza.

Dada aliendelea kukunja.

"Mimi nimezunguka na gitaa wiki nzima kwa ajili yako. Kama umechoka kuimba si useme tu, kuliko kuniaibisha mbele za watu?"

Dada akaunyoosha mtandio juu ya paja, akaukunja upya.

"Meneja anasema nije peke yangu," Kigogota alisema, na sasa alisema kwa kusudi la kuumiza. "Nimemwambia sawa."

Hakuwa amesema sawa. Alingoja mlipuko, kwa maana alimjua dada yake, hana dogo. Mlipuko haukuja. Hata bega halikutikisika. Hapo ndipo Kigogota alipoanza kuelewa. Alimkumbuka mkewe sokoni. Alikumbuka macho ya dada yaliyoganda kwenye mdomo wake siku ya Ijumaa. Alikuwa bado ameshika gitaa; akateremsha kidole gumba mpaka kwenye lile doa jeupe, akagonga. Ngo, ngo.

Dada akageuka papo hapo.

Walitazamana. Dada akaona uso wa mdogo wake, akaelewa kwamba amekamatwa, akakaa juu ya kiti kimojawapo kati ya vile vibovu.

"Tangu lini?" Kigogota aliuliza, na bila kufundishwa na mtu alikuwa ameshasogea mbele yake ili auone mdomo.

"Sijui tangu lini. Kwanza ndege walinyamaza. Nikadhani wamehama. Halafu zikaondoka nyuzi zako nyembamba. Sauti nzito bado nazipata, ngoma, lori, mlango ukifungwa. Mashine ile ilinilia sikioni tangu sijaolewa, ulidhani itaniacha salama?"

"Ndiyo maana uliacha kazi?"

"Sikuacha." Dada aliangalia mikono yake. "Mtandio wa mteja ulinaswa na mkanda wa mashine. Wakapiga kelele nizime. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, najaza gunia. Nilipoona watu wanakimbia ndiyo nikageuka. Mtandio ulichanika, ndiyo salama yake yule mama. Mwenye mashine akaniambia, dada, nenda ukapumzike. Nimepumzika mpaka leo."

Kigogota akalilaza gitaa juu ya kiti kibovu.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ili iweje? Ungenihurumia. Ukishanihurumia na wewe utaniambia, Dada, kapumzike." Akapangusa uso kwa ule mtandio alioukunja vizuri. "Kuimba nilikuwa naweza. Niliuliza kama ubao utasikika, ukacheka. Sikuwa na la kuongeza. Tangu tukiwa watoto, mimi siingii kwenye wimbo mpaka unibishie hodi. Hujui hata hilo? Kila mwanzo wa ubeti unagonga, ngo ngo, ndiyo mimi naingia. Nikishika kiti chako, naisikia mpaka mkononi. Leo nimesimama pale mbele, hakuna kiti, hakuna hodi. Nitaingiaje nyumba ya watu bila hodi?"

Kigogota alilia. Tuseme ukweli, hakulia kiume, wala hakuficha uso. Alilia kwa ajili ya masikio ya dada yake, na kwa ajili ya miaka yote aliyokionea haya kidole ambacho peke yake, katika ukoo mzima, kilikuwa kinajua kilikuwa kinafanya nini.

"Usiniongeleshe nikiwa nimekupa mgongo," dada alisema. "Na watu wakisema jambo langu, niambie lilivyo. Kule kwenye mashine walikuwa wananicheka nimesimama palepale. Hilo sitaki kwako."

"Sitakuficha."

Jumatatu Kigogota alirudi dukani. Waya alimwona mlangoni, akaona uso, hakuuliza. Alilegeza nyuzi, akafungua vibano, akatoa ile pikapu yenye adabu, akaweka ile yenye kimaiki. "Itakupigia yowe," alimwonya. "Kaa pembeni ya spika, usiielekezee tundu. Na kule mgahawani hawapendi kelele, umesema mwenyewe."

"Najua."

"Na kidole kitasikika hata barabarani."

"Ndicho ninachokitaka."

Mkewe naye alipoambiwa alijifunga kanga akaenda kwa wifi yake. Huko hakupiga hodi wala kuita. Alizunguka nyumba mpaka akatokea mbele yake, akamshika mikono yote miwili. Waliyosemezana hakuyaleta nyumbani, na Kigogota hakumdai.

Jumamosi iliyofuata walifika mapema. Kigogota alikitoa kiti kwenye kona mwenyewe, akakiburuta mpaka mbele, akakiweka ubavuni mwa maiki. Dada akasimama pale alipozoea, mkono juu ya mgongo wa kiti. Meneja alipotokea akaona, akauma mdomo, lakini wageni walikuwa wameshakaa.

Spika zikasema: ngo, ngo. Dada akaingia. Akaingia vizuri mpaka muuza magazeti aliyekuwa anapita nje ya ua akasimama. Wimbo wa kwanza uliisha kwa makofi. Katika wa pili, Kigogota alijisahau akageukia spika, na pikapu ikapiga yowe moja la kusisimua meno. Watoto wakaziba masikio, bwana mmoja akamwaga chai. Dada hakujua lolote. Aliendelea kuimba, tulivu, macho yamefumbwa, akiwa mtu pekee bustani nzima ambaye yowe halikumgusa. Wimbo wa tatu ulikuwa safi.

Meneja alipanda jukwaani kutokea nyuma, akainama kwenye sikio la Kigogota. "Mzee wangu, hizi ngo-ngo ni za nini? Kuna meza imeniuliza kama tuna seremala. Gitaa la wiki iliyopita lilikuwa safi. Lirudishe lile, uje peke yako, kazi unayo mwaka mzima. Ukishindwa, basi leo iwe mwisho."

"Leo iwe mwisho," Kigogota alisema.

Meneja alishangaa, kwa sababu hakuwa amezoea kujibiwa upesi. Akashuka, akijinyoosha kola.

Dada alikuwa anamtazama mdogo wake. Hakuwa amemwona meneja akiongea, mdomo ulikuwa nyuma yake, lakini uso wa Kigogota alikuwa anausoma tangu ukiwa na kamasi.

"Amesema nini?"

Ilikuwa rahisi sana kumdanganya. Angesema, amesema tunaendelea vizuri, na dada angeimba kwa raha hadi jua lishuke, akajua mengine kesho. Neno lilikuwa limeshamfika kwenye ulimi. Akayaona macho yale yaliyoganda kwenye mdomo wake, yanangoja, akakumbuka kichumba cha viti vibovu.

"Leo ndiyo mwisho," alisema polepole, ili aone kila neno.

Mkono wa dada ulikaza juu ya kiti, mpaka Kigogota akauhisi mgongoni. Alikuwa ameshapiga pasi gauni la Jumamosi nyingine, Kigogota aliliona asubuhi limetundikwa ukutani kwake.

"Kwa ajili ya masikio yangu?"

"Hapana, Dada. Kwa ajili ya kidole changu."

Dada alimtazama kwa muda, akitafuta huruma usoni mwake, na hakuiona, kwa kuwa aliyosema yalikuwa kweli. Akatikisa kichwa. "Baba alikisema sana hicho kidole," alisema. Halafu akageukia watu, akanyoosha mabega. "Haya. Bado hawajatuzimia umeme."

Kigogota akaligeuza gitaa ili tundu lisielekee spika, akapiga utangulizi wa wimbo wa baba yao, hakuharakisha. Ulipofika pale mahali pake akanyanyua kidole gumba, safari hii kwa kukituma mwenyewe, akabisha hodi mara mbili juu ya ubao, na dada yake akaingia.